Utoro sekondari: faini kwa mzazi au chakula shuleni?

Katika shule za serikali Tanzania Bara, mwanafunzi anayekosa masomo siku 90 mfululizo bila taarifa huhesabiwa kuwa ameacha shule kwa utoro. Jina lake linaondolewa kwenye rejesta, takwimu zinapanda hadi halmashauri na TAMISEMI (ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa), na katika majedwali ya sababu za wanafunzi kuacha sekondari, utoro ndio unaoongoza, ukiziacha mbali mimba, vifo na utovu wa nidhamu. Tatizo ni kwamba neno hilo halimwambii mtunga sera kitu cha kufanyia kazi. Mwalimu ameona kiti kitupu, akaandika utoro. Kilichomtoa mtoto kwenye kiti hicho hakijaandikwa popote.

Suala hili lina tarehe. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeifanya elimu ya lazima kuwa miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Utekelezaji wa mtaala mpya ulianza Januari 2024, na kwa mpangilio huo darasa la sita na la saba watamaliza pamoja mwaka 2027, kisha Januari 2028 makundi mawili yaingie kidato cha kwanza kwa mkupuo. Hadi sasa sekondari ni ya aliyechaguliwa kwa kufaulu. Ikishakuwa lazima, itampokea pia mtoto ambaye leo angebaki nyumbani kwa kukosa alama, tena wengine wakiwa na miaka 12. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Elimu, Sura 353, kinachombana mzazi aandikishe mtoto na kuhakikisha anahudhuria, kiliandikwa kwa ajili ya shule ya msingi. Ulazima ukipanda hadi kidato cha nne, ni lazima iamuliwe nini kitampata mzazi wa mtoto asiyehudhuria, na serikali yenyewe itatakiwa kufanya nini kabla ya kumgusa mzazi huyo. (Zanzibar ina sheria na wizara yake ya elimu, hapa tunazungumzia Bara.)

Wanaotaka rungu, yaani mzazi aadhibiwe, wana hoja nzito, na haifai kuzipita juu juu. Kijana wa miaka 15 ni nguvu kazi. Anachunga, anavua, anapalilia tumbaku, anabeba mawe kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo. Kwa mzazi fulani, kila siku ya shule ni kibarua kilichopotea, na kwa mwenye mtumbwi au mwenye duara (shimo la machimbo), mtoto ni kibarua wa bei nafuu asiyejua kudai. Mtu anayefaidika na utoro habembelezwi akaelewa. Kwa msichana mambo ni mazito zaidi. Mahari yakishapokelewa, ukoo mzima unakuwa na sababu ya kunyamaza, na mtendaji wa kijiji anayeingia pale mikono mitupu atapewa soda na kuambiwa mambo yameshamalizika kifamilia. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, yaliyoweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari, yalimpa mtendaji huyo kitu cha kushika mkononi. Tena ada ya sekondari ya kutwa, iliyokuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, iliondolewa Januari 2016. Serikali imetoa sehemu yake, wanasema, na mzazi naye atoe yake.

Lakini tuangalie rungu linavyotembea kutoka karatasini hadi kijijini. Mwalimu wa darasa anaona jina halijibu. Baada ya wiki moja au mbili anaandika barua ya wito kwa mzazi, na barua hiyo anapewa mwanafunzi mwingine wa kitongoji hicho, ambaye ni rafiki wa mtoro. Barua haifiki. Inaandikwa ya pili, kwa mkuu wa shule, kisha kwa Afisa Elimu Kata, kisha kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mtendaji wa kijiji, ambaye anamwomba mwenyekiti wa kitongoji amlete mzazi. Mwenyekiti amechaguliwa kwa kura za watu hao hao, na mzazi mwenyewe huenda ni shemeji yake. Miezi miwili imeshakatika. Anayefikishwa mwisho wa mnyororo huu kwa kawaida ni yule asiye na wa kumtetea: bibi anayelea wajukuu, au mama aliye peke yake. Mwenye mtumbwi aliyemtuma mtoto ziwani hakuandikiwa barua yoyote.

Kisha ije faini. Halmashauri zina uwezo wa kutunga sheria ndogo, na viwango vinatofautiana. Tuseme ni shilingi 50,000. Kwa kaya ambayo mtoto wake alikosa shule kwa sababu ya daftari, viatu au chakula, fedha hiyo inatoka kwenye fungu lile lile lililokuwa limepungua. Faini imelipwa, stakabadhi imetolewa, na Jumatatu mtoto bado hana viatu. Pale ambapo stakabadhi haitolewi, faini inageuka kuwa bei ya kuachwa, na mzazi anajifunza kuwa utoro unanunulika.

Wengine wamekwishapita njia hii. Jimbo la California, Marekani, lilipitisha sheria mwaka 2010 iliyoruhusu mzazi wa mtoto aliyekosa asilimia 10 ya siku za shule kutozwa faini hadi dola 2,000 au kufungwa hadi mwaka mmoja. Kamala Harris, aliyeisukuma akiwa mwendesha mashtaka wa San Francisco, alisema mwaka 2019 kwamba anajutia jinsi baadhi ya kaunti zilivyoitumia kuwashitaki wazazi. Nia yake, kwa maelezo yake, ilikuwa kuwafikisha wazazi kwenye huduma. Sheria ikishatungwa hubaki mikononi mwa kila anayeitekeleza, na wengi huchagua sehemu iliyo rahisi, ambayo ni kushitaki. Kenya nayo, kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, imeweka faini isiyozidi shilingi 30,000 za Kenya au kifungo kisichozidi mwaka mmoja kwa mzazi asiyempeleka mtoto shule, sekondari ikiwemo. Sheria ipo, machifu wapo, na bado wanafunzi wanakosekana madarasani pale karo, chakula na umbali vinapobaki kama vilivyokuwa.

Viboko tuvimalize kwa maneno machache. Kanuni za 2002 zinaruhusu visivyozidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na vyote viandikwe kwenye daftari. Mtoro anayejua kwamba siku ya kurudi ni siku ya viboko huongeza siku nyingine ya kutorudi. Siku mbili za palizi zinakuwa wiki, na wiki inakuwa mwezi. Kama sera ya kumrudisha mtoto darasani, adhabu hii inafanya kazi kinyume.

Njia ya pili, ile ya kumsaidia mtoto na kaya yake, huanza kwa kujua sababu, na sababu nyingi zimo ndani ya rejesta tayari. Kuisoma hakuhitaji mtaalamu kutoka Dodoma. Chukua rejesta ya kidato kimoja kwa wiki nane, weka rula chini ya jina moja moja, uangalie siku zilizokosekana zinavyojipanga. Anayekosa siku moja ile ile kila wiki, nenda katazame ni siku ya mnada au gulio. Huyo anaswaga ng'ombe au anakaa na meza ya mama yake. Kando ya Ziwa Victoria, wavulana wanaotoweka kwa wiki mbili, wakarudi, wakatoweka tena, wanafuata kipindi cha giza, kwa sababu dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mbalamwezi. Linganisha tarehe na kalenda ya mwezi na mjadala umekwisha. Anayekosa Ijumaa na Jumatatu mara nyingi amepanga chumba, geto, karibu na shule: unga aliopewa Jumapili nyumbani umeisha Alhamisi, Ijumaa anaondoka kufuata mwingine, Jumatatu yuko njiani. Wanaokosa kwa pamoja mwezi mzima mvua zinapochanganya wako shambani. Msichana anayekosa siku tatu kila mwezi hufikisha siku 27 katika miezi tisa ya masomo, na hakuna mfumo utakaomwita mtoro, maana hakufikisha hata siku nne mfululizo.

Halafu kuna utoro wa rejareja, unaoikwepa rejesta kabisa. Majina huitwa asubuhi. Mwanafunzi anajibu, anakaa vipindi viwili au vitatu, na baada ya mapumziko ya saa nne harudi. Kwenye takwimu amehudhuria kwa asilimia 100. Shule inayoita majina mara ya pili saa nane mchana kwa wiki mbili tu huona picha nyingine, na kwa kawaida hugundua kuwa anayetoweka baada ya saa nne ni aliyeondoka nyumbani alfajiri bila kula.

Hapo ndipo tunapofika kwenye chakula, hatua inayosifiwa kuliko zote na inayoharibika kwa urahisi kuliko zote. Tufanye hesabu. Mwaka wa masomo una siku 194. Kwa makande ya gramu 150 za mahindi na gramu 40 za maharage kwa siku, mwanafunzi mmoja anahitaji kilo 29 za mahindi na karibu kilo 8 za maharage kwa mwaka. Ni kama debe moja na nusu la mahindi na chini ya nusu debe la maharage, kiasi ambacho kaya nyingi za wakulima zinakimudu mwaka wa mavuno mazuri. Shule ya wanafunzi 400 inahitaji tani 11.6 za mahindi, yaani magunia 116 ya kilo 100, na tani 3 za maharage. Ongeza chumvi, mafuta, maji, kuni au nishati nyingine, wapishi wawili au watatu, na stoo yenye chaga na hewa. Mahindi yaliyowekwa chini kwenye sakafu yenye unyevu hushambuliwa na dumuzi na kuota ukungu, na sumukuvu si jambo la kufikirika: mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Linaloharibu mpango mara nyingi ni kalenda. Wazazi huchangia baada ya mavuno, Mei hadi Julai, wakati shule hufunguliwa Januari. Miezi yenye njaa na palizi, Januari hadi Machi, ndiyo miezi ambayo stoo ya shule ni tupu, na ndiyo ambayo utoro ni mkubwa. Shule inayotaka chakula Januari inapaswa kukusanya Juni wa mwaka uliotangulia, kukausha na kuhifadhi, jambo linalomaanisha kwamba mzazi wa kidato cha kwanza kijacho achangie kabla mtoto hajachaguliwa. Kwa elimu ya lazima hilo linawezekana, kwa sababu kila mtoto wa darasa la mwisho atakuwa anakwenda.

Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu linatengeneza watoro. Michango ni ya hiari kwa mujibu wa miongozo, na mwalimu haruhusiwi kumrudisha mtoto nyumbani kwa kutochanga. Lakini sufuria lina hesabu yake. Asiyechangiwa hapangwi kwenye mstari. Mtoto anayekaa chini ya mwembe akiwatazama wenzake wanakula hatavumilia hilo kwa muhula mzima; ataondoka saa sita na baadaye hataonekana kabisa. Mpango wa chakula usiotenga fungu la wasiojiweza unapunguza utoro wa wenye uwezo wa kati na kuongeza wa maskini, na wastani wa shule hautaonyesha kitu. Kamati ikadirie mapema idadi ya kaya zisizoweza, kijiji kithibitishe majina, na halmashauri ijaze pengo hilo kutoka mapato yake ya ndani au shamba la shule. Hapo ndipo panapotenganisha mpango unaodumu na ule unaokufa mwaka wa pili.

Umbali ni wa pili kwa uzito, na hapa serikali imefanya kazi inayoonekana. Shule za kata zilizoenea kuanzia mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari wa 2004, na shule mpya zinazojengwa kwa mradi wa SEQUIP unaogharamiwa na Benki ya Dunia, zimepunguza safari za watoto wengi. Hata hivyo kata za vijijini ni pana, na shule moja katikati ya kata bado humwacha mtoto wa kitongoji cha pembeni akitembea kilomita nane au kumi kwenda, na hizo hizo kurudi. Saa nne za mguu kwa siku. Kwa msichana, njia hiyo ina bodaboda anayetoa lifti leo, kesho, na wiki ijayo anadai malipo. Geto linaondoa mguu lakini linaleta mtoto wa miaka 14 anayejipikia, asiye na mtu mzima wa kumuuliza saa tatu usiku uko wapi. Hosteli yenye matroni na uzio ni bora kuliko geto kwa kila kipimo, ila inataka chakula cha milo mitatu kwa siku, na hesabu ya magunia hapo juu inakuwa mara tatu.

Baiskeli hupuuzwa kwa sababu hazizinduliwi kwa utepe. Huko Zambia vijijini, utafiti uliowapa wasichana wa shule baiskeli kwa mpangilio wa bahati nasibu ulikuta kuwa kukosa shule kulipungua kwa zaidi ya robo na kuchelewa kukapungua kwa kiwango kikubwa zaidi. Kilichofanya zisiishie kubeba mkaa ni mambo madogo: baiskeli imara, kamati ya kijiji iliyosimamia masharti, na fundi wa hapo hapo aliyefundishwa kuzitengeneza. Ukizigawa bila fundi na bila vipuri, pancha ya tatu inaifanya baiskeli kuwa chuma cha kutundikia nguo. Na haifai kila mahali. Milima ya Uluguru si tambarare za Shinyanga.

Fedha taslimu kwa kaya ndiyo hoja yenye pande mbili zilizo sawa kweli. TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, hulipa kaya maskini ruzuku yenye sharti la elimu: mtoto ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za shule. Sharti linafundisha kaya kwamba mahudhurio yana thamani, na linampa mwalimu sababu ya kujaza fomu. Lakini tuipige hesabu hiyo asilimia. Katika mwezi wenye siku 20 za masomo, mtoto anaweza kukosa nne na kaya ikalipwa bila makato. Siku nne ni mnada mmoja kila wiki. Kwa mwaka ni siku 38, na ukikosa vipindi vya hesabu siku 38 huwezi kufaulu hesabu. Kiwango hicho kinazuia kuacha shule, hakizuii utoro.

Je, tukaze sharti? Utafiti wa Zomba, Malawi, wa 2008 na 2009 unatupa tahadhari. Wasichana waligawanywa: wengine walipewa fedha kwa sharti la kuhudhuria asilimia 80, wengine wakapewa bila sharti. Wenye sharti walibaki shuleni zaidi na kufanya vizuri zaidi kwenye mitihani ya utafiti. Lakini mimba na ndoa za mapema zilipungua zaidi kwa wale wasio na sharti, kwa sababu msichana aliyekuwa ameshaacha shule hakunyimwa fedha na hakulazimika kutafuta mwanamume wa kumtunza. Sharti linapomkata aliyeshindwa, linamkata pale alipo dhaifu kuliko wote. Maoni yetu ni kwamba fedha ya msingi ya kaya isiguswe, na iwepo nyongeza ndogo kwa mwanafunzi wa sekondari anayevuka asilimia 90. Hivyo anayejitahidi anaona faida, na aliyekwama hatupwi.

Njia hii ya msaada nayo ina udhaifu wake, na watetezi wake hawausemi vya kutosha. Kwanza ni gharama inayorudi kila mwaka, wakati faini inaingiza. Pili, msaada unaopangwa kwa idadi ya wanafunzi unazaa wanafunzi hewa. Mara tu baada ya elimu bila malipo kuanza, uhakiki wa 2016 uliwakuta kwa maelfu, kwa sababu ruzuku ya uendeshaji, shilingi 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, hufuata vichwa vilivyoandikwa. Mkuu wa shule anayefuta jina la mtoro anapunguza bajeti yake mwenyewe, na asiyelifuta anadanganya. Tatu, punguzo lisilosimamiwa huishia kwa mfanyabiashara. Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike mwaka 2018 na kuirudisha 2019, serikali ikieleza kuwa bei haikumshukia mnunuzi. Kenya ilichagua njia nyingine mwaka 2017, sheria ikiitaka serikali kuwapa wasichana taulo shuleni bure. Bidhaa yenyewe ikifika mkononi haina cha kuchakachuliwa njiani zaidi ya wizi, na wizi unahesabika.

Kuna sababu moja ambayo pande zote mbili huikwepa, kwa vile inaigusa shule. Mtoto aliyesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza na kukuta fizikia, biolojia na historia kwa Kiingereza. Kozi ya wiki sita ya kuvuka daraja hilo haitoshi kwa aliyekuwa dhaifu tangu mwanzo. Akikaa mwezi mzima bila kuelewa, shamba linakuwa mahali pekee anapojua anachofanya. Jumlisha na vipindi visivyo na mwalimu. Utafiti wa Benki ya Dunia wa 2014 katika shule za msingi za Tanzania uliwakuta karibu nusu ya walimu hawamo darasani wakati wa kipindi, wengi wao wakiwa shuleni hapo hapo. Mwanafunzi anayeondoka saa nne kwa sababu vipindi vitatu vilivyofuata jana havikuwa na mwalimu amefanya hesabu sahihi, na hakuna faini ya mzazi itakayoibadilisha. Mwezi Januari na Februari viongozi wa wilaya huhesabu walioripoti kidato cha kwanza, wakaruhusu hata sare za msingi ili kila mtoto aingie. Ni jambo jema sana. Laiti hesabu hiyo hiyo ingefanywa tena Mei, na safari hii walimu nao wahesabiwe.

Msimamo wetu basi ni huu: kwa kaya, msaada utangulie na sheria ifuate kwa muda maalumu; kwa mtu mzima anayefaidika na utoro, sheria itangulie. Mwenye mtumbwi, mwenye duara, mwenye shamba la tumbaku, mwenye chumba cha michezo ya kubahatisha kinachofunguliwa saa mbili asubuhi, na bwana harusi, hao hawahitaji kubembelezwa, na adhabu yao haimpunguzii mtoto chakula. Sheria ndogo za halmashauri ziwataje wao kwanza, na leseni ya biashara iwe rehani.

Kwa kaya, siku 90 zibaki kwa ajili ya takwimu, zisiwe tena mwanzo wa hatua. Asilimia 10 ya siku 194 ni 19, na huo ndio mstari. Siku ya tatu mfululizo, au ya tano ndani ya mwezi, mwalimu wa darasa anapiga simu. Kila jina kwenye rejesta liwe na namba mbili, ya mzazi na ya mwenyekiti wa kitongoji. Siku ya 10, mzazi na mtoto wanakaa na mwalimu wa malezi na unasihi pamoja na Afisa Elimu Kata, na sababu inaandikwa kwa jina lake: chakula, umbali, kazi, ugonjwa, mimba au ndoa, masomo kumshinda, mengineyo. Siku ya 19, jalada linakwenda kwa mtendaji wa kata na afisa ustawi wa jamii likiwa na maelezo ya msaada uliokwisha kutolewa. Jalada lisilo na maelezo hayo lisipokelewe kwa ajili ya mashtaka. Aliyepoteza nafasi kabisa apelekwe kwenye njia mbadala iliyo chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na aliyetaka kurudi apokelewe kwa Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2021, ambao unawahusu walioacha kwa sababu mbalimbali, mimba ikiwa mojawapo tu.

Je, mwalimu mwenye vipindi zaidi ya 20 kwa wiki ataweza? Darasa la wanafunzi 60 likiwa na watoro kumi kwa mia, ni watoto sita wa kufuatiliwa. Sita wanawezekana. Kinachokwamisha leo ni kwamba vocha na nauli ya bodaboda vinatoka mfukoni mwake. Shule ya wanafunzi 600 ina haki ya ruzuku ya shilingi milioni 15 kwa mwaka. Hata tukichukulia kwamba nusu hubaki juu kwa ajili ya vitabu, shule inabaki na 625,000 kwa mwezi, na shilingi 30,000 za vocha na nauli ni chini ya asilimia tano ya hizo. Kinachotakiwa ni mstari mmoja kwenye mwongozo wa matumizi unaoruhusu fungu hilo, ili mkaguzi wa ndani asimwandikie mkuu wa shule hoja. Mstari huo unaweza kuandikwa mwaka huu, bila kusubiri Januari 2028.